Kijana Wetu ni Affable

Siku Kiplimo alipopeleka wazee kwa kina Wanjiru mjini Sotik, alifanya kosa moja tu: alimwachia mjomba wake, Mzee Kipkosgei, kazi ya kusema. Kipkosgei alikuwa karani Kericho, na tangu astaafu Kiingereza chake kilikosa pa kwenda. Nyumbani Kimulot alikizungumza hata na ng'ombe.

Maombi yakaisha, chai ikanywewa. Mzee Mbuthia, babake Wanjiru, akauliza, "Haya, huyu kijana ni mtu wa aina gani?"

Kipkosgei akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Kwa neno moja, kijana wetu ni affable."

Kiplimo akaangalia viatu vyake. Huyu ni mtu ambaye hata kwa kinyozi hufunga macho asije akaongeleshwa.

"Ndiyo nini hiyo?" akauliza Priscillah, shangazi yake Wanjiru.

"Ni mtu anayependa watu, mama."

"Watu gani?"

"Wote. Hachagui."

"Hata wanawake?"

Kipkosgei akacheka kicheko cha ofisini. "Wacha nikufafanulie. Mtu affable akikutana na mgeni, muda si muda wameshazoeana. Ukienda naye sokoni hamfiki mbali. Huyu anamsimamisha, yule anamshika mkono, wanacheka. Kila mlango uko wazi kwake."

Priscillah akaweka kikombe chini. "Mbuthia, umesikia? Mimi niliolewa na mtu wa hivyo. Siku ya kumzika, wanawake tusiowajua walilia kutushinda."

Mama Kiplimo akamvuta Kipkosgei koti aketi. Hakuketi.

"Pengine tuseme gregarious," akasema.

"Na hiyo nayo ni ugonjwa?" akauliza Priscillah.

Mbuthia akaagiza Wanjiru aitwe kutoka jikoni. "Wewe ulituambia kijana wako haongei. Mjomba wake anasema anashikana mikono na soko zima."

"Kiplimo?" Wanjiru akashangaa. "Baba, huyu alinisalimia kwa kichwa karibu mwaka mzima kabla ya kuniuliza jina!"

Mbuthia akamgeukia kijana. "Simama ujisemee."

Kiplimo akasimama. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kola. "Mimi ni mkulima wa majani chai," akasema. "Na ng'ombe ninazo. Wanjiru... ndiye ninayemtaka." Akaketi kama mtu aliyeponea ajali.

Priscillah akamwangalia sana, kisha akachukua kikombe chake tena. "Huyu tutaishi naye. Lakini siku ya harusi, huyo mjomba asikaribie maikrofoni."

Wakakubaliwa, wakala, wakapangiwa siku ya kurudi. Walipokuwa wakiondoka, Kipkosgei alimshika Kiplimo begani.

"Umeona?" akamwambia. "Bila Kiingereza changu, wale watu wangekunyima msichana."

Kiplimo alifungua mdomo amjibu, halafu akaona ni kazi nyingi.