Pikipiki Katika Zizi la Shemeji

Shemeji yangu Omvir alivuta turubai, vumbi likatimka, kuku wakakimbia, na pikipiki aliyoinunua marehemu baba yangu ikajitokeza katikati ya zizi lake la nyati wa kufugwa.

"Itazame mwenyewe, Balram," alisema. "Chuma cha zamani hicho. Siku hizi hawatengenezi kitu kama hiki."

Nilikuwa naijua. Siku alipomwoa dada yangu Sarla, Omvir aligoma kuuzunguka moto wa ndoa mpaka aione pikipiki imesimama uani. Baba aliuza siku hiyohiyo shamba letu la kando ya mfereji, akamuuzia jirani aliyelimezea mate miaka mingi. Akaileta pikipiki jioni, na kwa kidole chake akachora alama nyekundu ya heri juu ya tangi. Omvir aliiendesha wiki moja tu. Akaanguka nayo mbele ya duka la chai, watu wakamcheka, na hakuipanda tena. Tangu hapo wanaoipanda ni kuku.

Sasa binti yao, Nisha, anaolewa, na upande wa mvulana wanataka pikipiki. Ni watu wa hali ya chini wanaopenda makuu. Ikiwa inang'aa na ina magurudumu mawili, umri wake hawatauliza. Na mzigo wa zawadi kubwa ya harusi ni wa mjomba, ndivyo tulivyo. Kwa hiyo Omvir alikuwa amejipangia mambo yake vizuri. Mimi niinunue ile ya zizini kwake, niipeleke kwa fundi ikapakwe rangi, kisha niirudishe siku ya harusi kama zawadi yangu. Yeye apate fedha, bwana harusi apate pikipiki, na sisi tuilipie mara ya pili. Nilichemka mpaka masikioni.

Hata hivyo niliinama nikaikagua. "Nyaya zimeliwa na panya. Tairi zimepasuka. Kiki haishuki."

"Mafuta kidogo tu, itakohoa iwake. Rupia elfu ishirini, kwa kuwa ni wewe."

"Baba yangu ndiye aliyeinunua hii, Omvir."

"Baba yako aliitoa. Kilichotolewa kina mwenyewe."

Sarla akaja na bilauri ya maji, ushungi ameushusha usoni kwa sababu baba mkwe wake alikuwa amelala barazani. Akampelekea mumewe. Mimi hakuniletea, wala sikutegemea. Kwetu, ukishamwoza dada au binti yako, hunywi hata maji nyumbani kwa mumewe. Baba alikufa hajaonja kisima cha pale.

"Omvir," nikasema, "leo mimi ni shemeji yako au ni mteja?"

"Biashara ni biashara, bwana."

"Basi mteja ana kiu."

Akacheka, halafu akaona sitanii. Niliichukua bilauri mkononi mwake kabla hajainywa, nikayanywa maji yote mbele yao.

"Maji yenu matamu," nikamwambia. "Pikipiki siitaki."

Nikatoka zangu. Nasema kweli, nilijiona mrefu kuliko milango yao yote. Nilikuwa nimefika kwenye pampu ya njiani Sarla aliponifikia, anahema, ushungi umemwangukia mabegani.

"Umefurahi, kaka?"

"Mwache aoze nayo."

"Umekunywa maji, umekuwa mwanamume. Leo utakula chapati zako ulale. Mimi nitasimangwa kwa maji hayo mpaka nife. 'Kaka yako alikuja kututukana kwetu.' Asubuhi hilo, jioni hilo."

"Baba aliuza shamba ili uheshimiwe. Waliwahi kukuheshimu?"

"Hapana."

"Sasa unataka Nisha naye apelekwe hivyohivyo?"

"Uchumba ukivunjika nani atakuja tena kumposa? Utamtafutia wewe? Hao wengine hawataomba pikipiki, wataomba gari. Mimi sikuombi unioneshe haki iko wapi, kaka. Naijua. Nakuomba ununue."

Mimi ndiye mkubwa kwa Sarla, lakini pale pampuni mtu angedhani ni dada yangu mkubwa. Hasira yote iliniishia, ikabaki aibu, na aibu yenyewe sikujua ni ya nani.

Nilimuuza nyati wangu wa maziwa. Wanangu wakaninunia. Omvir alizihesabu noti akilowesha kidole kwa mate, mara mbili, kisha akaniuliza kwa kicheko, "Maji, bwana mteja?" Nikashika usukani nikaondoka. Niliisukuma pikipiki peke yangu, tairi hazina upepo, na pale kwenye duka la chai wakanicheka kama walivyomcheka yeye.

Fundi aliifungua, akaisafisha, akaanza kuipiga msasa ili apake rangi mpya. Alipofika kwenye tangi akasita.

"Mzee, kuna alama hapa chini ya uchafu. Imeshika kabisa. Niiache?"

Nikasogea. Ilikuwa ya kidole cha baba. Mstari wa mwisho umepinda, kama alivyouacha siku ile.

"Ifute," nikamwambia. "Siku ya harusi nitachora yangu."