Hatua Mbili Nyuma

Kitendawili. Nina mtu wangu, kutwa kasimama kwenye majani, halimi, halishi, wala hafukuzi ndege. Unasema sanamu? Sanamu halitoki jasho. Haya, nipe mji. Umenipa Ottumwa, kule Marekani, nami nimekwenda nikamkuta: Delmar Hutchens, mdaka mipira wa nyuma katika besiboli, miaka thelathini na tano, timu ya kumi na moja. Ligi kubwa aliionja siku tisa tu, akarudishwa kwenye ligi ndogo, za mabasi na soseji baridi.

Mdaka mipira huanza kuzeeka miguuni, naye huficha. Delmar alificha kama wenzake: kila msimu alisimama hatua mbili nyuma zaidi. Mpira ukikupita juu ya kichwa, uwanja mzima utaona huna mbio. Ukidondoka mbele yako, watu husema bahati mbaya.

Mchana ule ilidondoka mitatu mbele yake, timu ikashindwa.

Basini, Ruben wa kiti cha nyuma akamchokoza. "Babu, kesho kasimame kabisa kwenye maegesho, utulindie magari."

"Lako nani ataliiba?" Delmar akajibu, macho kafumba.

Kocha Stroud akaja akaketi kando yake, fomu gotini. Kila mchezo ulikuwa na ripoti yake kwa wenye timu, na Julai ile mistari miwili tu ya ripoti ilikwisha kuwarudisha watu wawili makwao.

"Ile mipira mitatu, Hutch," akasema kwa sauti ya chini. "Niandike jua lilikupiga machoni?"

Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi. Lakini Stroud naye zamani alikuwa mdaka mipira wa nyuma, na kuna mtu alimwandikia jua kiangazi kizima.

Delmar akafumbua macho. Likiandikwa jua, atacheza mpaka msimu uishe Septemba. Lisipoandikwa, kesho anafunga begi, na hakuna timu ya kumi na mbili. Barafu aliyofungwa magotini ikayeyuka, ikamchuruzika mpaka ndani ya soksi. Mahindi yakapita dirishani, yakapita tena.

Mbele yao alikaa Pawlak, mrushaji, taulo usoni. Katika besiboli timu ikishindwa huandikiwa mrushaji, na kushindwa kule kulikuwa kumeandikwa kwa jina lake. Hakuwa amemlaumu mtu.

Delmar akamtazama mpaka shingo ikachoka.

"Hutch, nimekuuliza."

"Andika miguu, Kocha."