Kikohozi Katika Wimbo wa Kumi na Moja

...na hicho tena, kikohozi kilekile, mahali palepale, mwimbaji hajamaliza hata kusema "nishike mkono" na tayari mtu wa viti vya katikati ameanza, kikavu, cha kukwangua, si cha mafua, Kinanda, mtunzi wa nyimbo hizi, anakijua kikohozi cha mafua, hiki ni cha mtu aliyechoka kungoja, na kikohozi ni kama miayo, kikimtoka mmoja wengine nao wanakumbuka kwamba wana makoo, sasa kulia anaitikia mwanamke, sasa kule juu kwenye roshani, wanapokezana kabisa, laiti kiitikio chake kingepokewa hivyo, na yeye amesimama nyuma ya safu ya mwisho, mgongo ukutani, karibu na mlango, hapo ndipo amekuwa akisimama tangu onyesho la kwanza la majaribio maana kukaa hawezi, akikaa magoti yanamcheza mpaka kiti cha mbele kinatikisika, na hili ni la nne, saa tisa alasiri, nje jua linawaka na humu ndani ni giza la kutengenezwa, na wimbo wa kumi na moja ndio kwanza umeanza, una dakika nne na nusu, na ndani ya dakika hizo itajulikana kama utabaki au utatupwa.

"Leo ndiyo leo," Mwongozaji alimwambia mchana, huku akimenya chungwa juu ya karatasi za maoni, mtu mpole, hapazi sauti, na upole wake ndio unaoumiza, "watu wakitulia, wimbo unabaki. Wakianza tena kukohoa na kupekua mikoba yao, tunautoa. Uzinduzi ni wiki ijayo, hatuna muda wa kubembeleza wimbo mmoja." Naye akajibu haraka, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni, "Wanakohoa kwa sababu ya vumbi, yale mapazia hayajafuliwa," na Mwongozaji akamtazama, akasema taratibu, "Vumbi gani hilo, mama, linalosubiri wimbo wa kumi na moja?"... na kweli, nyimbo kumi zote hakuna vumbi, nyimbo kumi watu wanainama mbele kwenye viti vyao, wanacheka, juzi mzee mmoja alicheka mpaka akavua miwani kwenye ule wimbo wa mteja anayembishia fundi cherehani vipimo, "kiuno changu hakijabadilika, ni tepu yako imepungua", na zile karatasi zinasema zenyewe, nimecheka mpaka mbavu zikauma, yule mteja ni jirani yangu mtupu, nimetoka na ule wimbo wa cherehani mdomoni mpaka nyumbani, halafu chini, kwa mwandiko mwingine, juu ya huu wa kumi na moja, wimbo wa kitanda ulikuwa mrefu nikaenda msalani samahani, halafu moja ya penseli, isiyo na jina, yule dada anapokufa anasema maneno mazuri mno. Sijui. Sikumwamini.

Sikumwamini, siku tatu anatembea na neno hilo kama changarawe ndani ya kiatu, nani huyo, anajua nini, amewahi kumwona Dada, amewahi kumwona akiwa na pini tatu mdomoni akigombana na muuza vitambaa bila hata moja kudondoka, maana kila mtu mjini anajua kwamba mchezo huu ni maisha ya Kinanda, yeye mwenyewe alisema redioni, mama yetu alifariki nikiwa na miaka sita, Dada alikuwa na kumi na tisa, akatundika tepu shingoni na haikushuka tena, alinilea kwa sindano, na ni kweli, yote ni kweli, chumba kimoja kilikuwa karakana mchana na chumba cha kulala jioni, wanalala katikati ya magauni ya watu yaliyoning'inia kama wageni wasiotaka kuondoka, Dada anakanyaga cherehani na yeye mtoto anafuata mdundo kwa vidole viwili juu ya meza, taka-taka-taa, mpaka Dada anapaza sauti, "We Kinanda, ukimaliza kupiga meza ya watu njoo unishikie pindo!" na jina likamganda, likamfuata shuleni, likamfuata mpaka kwenye mabango yaliyobandikwa nje ya ukumbi huu, na ile sehemu ya kwanza aliiandika kwa wiki mbili tu, hakuwa anatunga, alikuwa anakumbuka, lakini huu wa kumi na moja ulimla miezi mitano, akiuandika anaufuta, akiufuta anaurudia, na wenzake wakasema ni uchungu, msimharakishe, ni uchungu.

Sasa yule anayemwigiza Kinanda amepiga magoti kando ya kitanda, taa imekuwa ya buluu, na yule anayeigiza Dada anainua kichwa kutoka kwenye mto, anaimba, anaimba vizuri, Mungu amjalie, sauti imetulia kama maji ya mtungi, nenda mdogo wangu, nenda ukaimbe, kila uzi niliovuta nimelipwa leo kukuona umesimama, sikudai kitu, sikudai kitu... na pale mbele mtu anafungua zipu ya mkoba, zziiip, kwenye neno "sikudai", na Mwongozaji, safu mbili kutoka hapa, amewasha kile kitochi chake kidogo cha kuandikia, ameandika, amezima, na Kinanda anahisi chuki, anawachukia wote mia tatu, wenye mioyo ya mawe nyie, kifo kinapita mbele ya macho yenu na ninyi mnatafuta pipi, mkicheka mnacheka na dada yangu na akifa mnakohoa, na hapo hapo, kwenye safu ya saba, mwanamke aliyevaa koti la kijani anasimama, anapita kwenye magoti ya watu, samahani, nipishe kidogo, samahani, basi, imekwisha, huyo anaondoka kabisa, huyo ndiye msumari wa mwisho wa jeneza.

Lakini yule mwanamke akifika mlangoni hatoki, anasimama tu, anapumua kama aliyepanda ngazi, ni wa makamo, labda anamzidi Kinanda miaka kumi, amemwona amesimama pale akadhani ni mkata tiketi. "Msalani ni huku?" ananong'ona. "Ndiyo, toka hapo, kushoto." Hatikisiki. "Wala siendi," anasema baadaye, "nimeshindwa tu kukaa pale." Na Kinanda, ambaye angeweza kunyamaza, ambaye alitakiwa anyamaze, anasikia ulimi wake unauliza, "Wimbo mbaya?"

"Mbaya wapi! Huyu binti ana sauti ya asali." Mwanamke anajifuta shingo kwa kiganja. "Ni mimi tu. Ni wivu, dada, nisikufiche. Mume wangu alikuwa wodini siku tisa. Siku ya kumi nikaenda nyumbani nikaoge, nibadilishe nguo, nirudi. Kurudi nikakuta wameshatandika kitanda. Shuka safi, limenyooshwa hivi, utasema hajawahi kulala mtu. Nesi ananiuliza, unamtafuta nani?" Akacheka bila kucheka. "Unamtafuta nani. Mpaka leo sijui ningemjibuje. Sasa huyo mdogo mtu anapewa wimbo mzima. Anaagwa, anabarikiwa, anaambiwa hadaiwi. Nikasema moyoni, nani anaagwaga hivyo? Mimi simjui hata mmoja."

...shuka safi, yeye pia shuka lilikuwa safi, la rangi ya krimu, limekunjwa pembe kama bahasha, hajamwambia mtu yeyote hilo, hata wenzake, hata redioni, redioni alisema nilikuwa naye mpaka dakika ya mwisho, mtangazaji akamshika bega, pole sana, na yeye akapokea ile pole, akaiweka mfukoni kama aliyeokota kitu cha mtu njiani, na uongo ukishasemwa redioni unakuwa kumbukumbu, ukatafuta kitanda, ukatafuta mkono wa kushikwa, ukataka muziki, miezi mitano anaupa uongo muziki, maana asubuhi ile, saa nne, Dada alipokuwa anakata roho, yeye alikuwa ng'ambo ya mji kwenye chumba cha mazoezi, anapiga piano, anatafuta mstari wa mwisho wa wimbo wa mteja, ule wa kuchekesha, simu imezimwa mlio ndani ya mkoba, na aliupata ule mstari, hilo ndilo linalomuua, aliupata, alicheka peke yake kwa furaha, labda ni dakika ileile, hakuna atakayejua, na wala hakulazimishwa kwenda, hakuitwa na mtu, alikwenda kwa sababu siku kumi na mbili za wodi zilikuwa zimemchosha, harufu ile ya dawa ya sakafu, kikombe cha uji kilichopoa, zile nyayo za Dada zilizobaki mifupa, alitoka pale getini akavuta hewa akasikia raha, raha kabisa, kama mtoto aliyeachiliwa shule... na sasa, kule mbele, dada wa jukwaani anamwambia kwa sauti ya asali kwamba hadaiwi, nani alisema hadaiwi, ni yeye mwenyewe, amejiandikia msamaha kwa mkono wake, akamvisha maiti mdomo wa kuutamka, akauza tiketi, na watu wamekaa gizani wakausikia, hawakuambiwa na mtu, walijua tu, njia ya mwongo ni fupi, uongo wake ulifika mpaka wimbo wa kumi na moja ukakutana na makoo ya watu.

Zipu nyingine. Kikohozi kingine, chepesi. Haviumi tena, ni ajabu, anavisikiliza kama mtu anayesikiliza majirani wakisema ukweli upande wa pili wa ukuta.

"Hata mimi," anasema.

"Eeh?"

"Hata mimi sikuwepo." Imetoka. Imetoka ikiwa ndogo, sauti kavu, haina hata noti moja ya muziki. Mwanamke wa koti la kijani anageuka amtazame, na katika ile buluu inayofika mpaka nyuma uso wake ni wa mtu yeyote, wa jirani, wa mteja.

"Nani yako?"

"Dada yangu."

"Pole, mdogo wangu," anasema mwanamke, hivihivi tu, kama watu wanavyosema, mdogo wangu, na Kinanda inabidi ashike ukuta kwa viganja vyote viwili, baridi ya ukuta, miaka miwili hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa waigizaji kwa maneno aliyowaandikia. Mwongozaji amewasha kitochi, ameinama kwenye daftari, na yeye hamtazami kuona anaandika nini. Yule mdogo wa jukwaani ameshika mkono wa mgonjwa. Ubeti wa pili ndio unaisha, bado wa tatu, mrefu kuliko yote, wenye baraka zote.

"Lakini mlionana kabla?" mwanamke anauliza. "Mimi wangu alikuwa amelala, nikaona nisimwamshe."

"Tulionana. Asubuhi hiyohiyo." Na hajawahi kulifikia hili, amelizunguka miezi mitano kwa piano na mashairi, amelijengea wimbo juu yake ili lisionekane, na sasa linakuja lenyewe, dogo, la kipuuzi, halina vina. "Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Akaniita. Alikuwa mshonaji, hata pale kitandani macho yake yalikuwa kwenye nguo za watu. Akasema, lebo ya blauzi imekutokeza nje mgongoni, njoo niirudishe."

"Ikawaje?"

Jukwaani sauti ya kinanda imepanda, fidla zimeingia, dada wa uongo anavuta pumzi aanze kuaga.

"Nikamwambia niache, Dada, nimechelewa."