Ishushe Kidogo, Mtoto Aone

…na sasa wote wamegeuza vichwa, kijiji chote cha huku Gahanga, majembe yamelazwa kwenye nyasi, buti zimejaa tope la mtaro tuliouzibua tangu asubuhi, na Mukasine, mkuu wetu wa mudugudu, yaani wa kijiji, ameniita kwa ile sauti yake isiyopanda, "Mama Ihirwe, wewe ndiye uliyekuwapo, simama utuambie, unamsamehe mzee Léonce au tulipeleke shauri hili mbele?", neno dogo tu, unamsamehe, kila mkutano wa umuganda, kazi yetu ya pamoja ya kila mwezi, lazima lisikike, mbuzi wa fulani amekula maharage ya fulani, maji ya huyu yamebomoa ukuta wa yule, aliyekosewa anasimama, anasema nasamehe, watu wanapiga makofi, tunakwenda nyumbani kula, na mimi nimeketi na Ihirwe mapajani, plasta kwenye nyusi zake, nyuzi tatu chini ya plasta, miguu yangu imekufa ganzi, sisimami… "Mzee wa miaka sitini na nane anachezea vitu vya watoto!", huyo ni Kabera, yuko nyuma, hawezi kunyamaza hata msibani, "Muzehe, si ungenunua mbuzi?", na mwingine anamjibu, "Mbuzi angalau haangukii watu!", wanacheka, na mdomo wangu nao unataka kucheka, Mungu wangu, huku mzee wa watu amesimama mbele peke yake, ameulemea mguu mmoja kwa sababu ya goti lake bovu, ile droni iko chini miguuni pake, kidogo, imekunjwa mikono kama kuku aliyefungwa, jirani yetu Gahongayire amejipenyeza sasa hivi kumpelekea kikombe cha maji, amempa na kurudi kuketi, kuna watu wanaona kiu ya mtu kabla ya kuona kosa lake… "Sema hapana," Ngabo ananinong'oneza, pumzi yake ya moto sikioni, "wamnyang'anye kile kitu, kingeingia jichoni je?", mume wangu si mtu mbaya, siku ile alitoka mbio kazini Kicukiro akakuta damu kwenye gauni jeupe la kanisani, tangu hapo kila asubuhi anamwinamia mtoto na kuzitazama zile nyuzi, nimwambie nini mtu kama huyo, nimwambie mkono wa mtoto ulikuwa mkononi mwangu nami nikauachia?… "Nilikosea," mzee amesema, mara mbili, "karatasi ya ruhusa inakataza kuirusha juu ya watu, niliisoma, nikaishusha," na Mukasine akamwuliza, "Lakini kwa nini, mzee wangu, wewe unayetupigia filimbi kila mara tukae mbali?", naye akatazama viatu vyake, hakunitazama mimi, angenitazama mara moja tu watu wangejua, hakunitazama, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatasema, leo hatasema na kesho hatasema… Jumapili iliyopita, uwanja ulikuwa mtupu, yeye husubiri mpaka wacheza mpira waondoke wote, halafu anamwaga mstari wa majivu kwenye nyasi, kutoka kopo la maziwa ya unga, taratibu, kama mtu anayepanda karoti, zamani alikuwa mpima viwanja kule Bujumbura, mistari ni kazi yake, "Huku iko kwenu, mama, kule iko kwa mashine," akaniambia, mashine aliyotumiwa na binti yake wa Ubelgiji, ili baba aone vilima ambavyo goti limemkataza kupanda, ikapanda yenyewe, ikawa nukta, Ihirwe akaanza kulia kwamba haioni, nami nikasema, ni mimi niliyesema, "Baba, ishushe kidogo, mtoto aone," akasema, "Oya, hapana, mama, haishuki penye watu," nikasema kidogo tu, akasema, "Ile haina akili, upepo ukiipiga inakwenda yenyewe," nami nikacheka, nikasema, "Haina akili na ina jicho? Si inatuona?", kwa sababu niliamini hivyo, kitu chenye kamera kinaona, kinachoona kitakwepa, kama ng'ombe anavyomruka mtoto aliyelala njiani… na kwa sababu ya ile damu, nilipomzaa Ihirwe, nilikuwa kwa mama mkwe, mbali na mji, wakanipeleka hospitali ndogo ya huko, damu ikatoka mpaka godoro likalowa, nikawa nasikia watu kama wako chumba kingine, na nesi mmoja alinishika kidole gumba, si mkono, kidole gumba, akawa ananiambia, "Usilale, dada, iko njiani, iko angani," na kweli ilishuka kutoka angani, droni ya hospitali iliiangusha, sanduku na mwavuli wake, damu ya mtu nisiyemjua, sikuiona ikishuka, niliambiwa, lakini tangu siku ile chochote kinachovuma juu ya kichwa changu nakishukuru, Kigali nzima naamini wako wengine kama mimi, sikujua kwamba ile ina watu wanaoilinda, ina njia yake, ina mahali pake pa kushushia ambapo hasimami mtu, nilidhani vyote vinavyoruka ni ndugu, nikamweleza mzee Léonce yote hayo pale kwenye majivu, godoro, nesi, kidole gumba, nikijitia mjuzi, akanisikiliza rimoti ikiwa kifuani, akasema, "Damu ya mke wangu ilikuja na gari, ikachelewa," akapangusa pua, halafu akasema, "Mshike mtoto mkono," nikasema nimemshika, na akaanza kuishusha… nilikuwa nimemshika, kweli, nikamwachia nitoe simu kwenye mkoba, nilitaka Ngabo naye aone, sekunde ngapi, upepo ukapanda kutoka bondeni, Ihirwe amevuka majivu mikono yote miwili juu kama anayemkimbilia shangazi yake, mzee akapiga kelele, ile mashine ikaserereka upande ikampiga usoni, haikutoa sauti kubwa hata, sauti ya jani kavu la mgomba ukilichana… mzee alivua shati lake akalibana kwenye nyusi za mtoto, akambeba yeye, na goti lile, mpaka kituo cha afya, mimi nakimbia nyuma na kiatu kimoja, akakaa kwenye benchi na fulana yenye matundu mbele za watu wanaomwita mheshimiwa, na kila asubuhi tangu Jumatatu maziwa yako getini, habishi hodi, anaacha chupa na kuondoka, Ngabo anasema anatuhonga… "Mama Ihirwe?", Mukasine tena, kalamu yake imesimama juu ya daftari, ana subira, alinisubiri hivi hivi nilipokuja kutoka Karagwe sijui hata neno la Kinyarwanda la kuombea maji… nitasema nasamehe, nimelipanga tangu Jumatatu, nimelibeba wiki nzima kama keki ya harusi nisiliangushe, nitasimama, nitasema mzee wetu ni mtu mzima, yamekwisha, Kabera mwenyewe atapiga makofi, wanawake watasema yule mama ana roho, Ngabo atanuna siku mbili, atasahau, na mzee… mzee atafanya nini, atavua kofia, atakuja mpaka hapa nilipo na kuinama, atanishika mkono kwa mikono miwili, atasema asante mwanangu, mbele ya wote hawa, atanishukuru mimi, mimi, kwa kosa ambalo nusu yake ni langu, na mimi nitampa mkono aushike?… hapana, na kosa lake lipo, sisemi halipo, mwenye rimoti ndiye mwenye oya ya mwisho, alisema oya mbili na ya tatu ikamshinda, lakini ya tatu ilimshinda kwa sababu yangu, nilimgusa mahali panapouma bila kujua nagusa, makosa ni mawili na aliyesimama ni mmoja… wataandika mzee mpumbavu aliangusha mashine, mama akasamehe, basi, watakwenda kula, na Jumapili nyingine mwanamke mwingine, hapa au kule Kimihurura kwenye nyasi zile nzuri, atamwambia mtu mwingine mwenye droni, ishushe kidogo, mtoto aone, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba lile jicho haliangalii mtoto, kwamba hatari ilianzia mdomoni mwa mama… "Simama basi," Ngabo ananigusa kiuno, Ihirwe amelala mapajani mdomo wazi, mzito, wa moto, nitamweka kwa baba yake, ndiyo, kwanza hilo, halafu nitaanza na neno ambalo watalishangaa, nitasema simsamehe mzee Léonce, watanung'unika, Ngabo atafurahi kwa pumzi moja akidhani nimemsikia, na kabla pumzi hiyo haijaisha nitasema simsamehe kwa sababu na mimi sijasamehewa, nitasema nilimwambia nini, maneno yale yale, na nani aliuachia mkono, nitamtazama Ngabo nikiyasema, kisha nitamwomba mzee arudi akae na watu, nisimame mimi pale mbele…