Jiko Jipya na Chai ya Mzee Nati

Kuna kitendawili nilichokitega mwenyewe na kukitegua mwenyewe: ana mkono mmoja, hana mdomo, na kila asubuhi huniita niamke. Ni kijiko. Kijiko cha mume wangu kikizunguka ndani ya kikombe cha bati kule jikoni, kling'i kling'i, kabla jua halijagusa dirisha.

Miaka thelathini na moja nilimpikia mimi chai ya alfajiri ili awahi zamu kiwandani. Siku ya kwanza ya kustaafu kwake aliamka kabla yangu, akaniletea kikombe kitandani, akasema, "Zamu yako imeisha, mama. Sasa ni yangu." Akalishika birika na hajaliachia tangu siku hiyo.

Alikuwa fundi mitambo. Wenzake walimwita Nati, kwanza kwa ufupi wake, pili kwa sababu akishakaza jambo halilegei. Jina likamfuata mpaka mtaani, na mimi nikarithi, nikawa Bibi Nati, ingawa sina ufupi wowote na ninalegea haraka sana.

Basi, ndani ya nyumba yetu palikuwa na siri. Macho ya Mzee Nati yalikuwa yanazimika, polepole, kama taa inayoishiwa mafuta. Hakuniambia. Nilijua siku ile koti langu lilipokuwa limetundikwa nyuma ya mlango, naye akaingia, akalikaribisha. "Karibu, jirani, kaa," akaliambia, akasimama akingoja lijibu. Nilijifanya nimepaliwa, nikaenda kulilia uani. Baadaye nikakuta mfukoni mwake kadi ya hospitali. Alikuwa ameniaga kwamba anakwenda kumwona rafiki. Niliisoma neno kwa neno, maana shule yangu iliishia darasa la saba na maandishi ya daktari ni kama nyayo za kuku, lakini nilielewa kwamba kilichopotea hakitarudi.

Kwa nini alinyamaza? Mtu aliyeishi kwa kusikia "mwiteni Nati aje atazame" hawezi kusema kirahisi kwamba sasa hatazami tena. Nami nikaona, akitaka kunyamaza, tutanyamaza wawili.

Nikalipanga jiko lifuate mikono yake. Sukari niliitia kwenye kopo lililobonyea ubavuni. Chumvi kwenye bakuli lenye kifuniko kilichomeguka. Majani ya chai kwenye boksi nililolizungushia mpira. Mkono wa birika nikaufunga kamba. Kila kitu kikawa na mahali pake, na mgeni akikisogeza, akiondoka tu nakirudisha. Miaka miwili nilifanya hivyo, na miaka miwili chai ilikuja tamu, kling'i kling'i, kila siku ya Mungu.

Ndipo akaja mjukuu wetu.

Huyu ni binti wa mwanetu wa kwanza. Ni mke mwenzangu, maana alipokuwa na miaka minne alitangaza mbele ya watu kwamba ataolewa na babu, na mimi nitafute kwingine. Alisomea kuchomelea vyuma, na siku hizi anawatengenezea watu majiko ya nyumbani. Alikuja likizo na mkoba wa vifaa, akasema ana zawadi. Atatujengea jiko jipya, jiko la mtindo wa kiwanda, kwa heshima ya babu yake.

Sikujua kuna watu wanaotamani kupika kiwandani. Akanionyesha picha kwenye simu. Kuta zimechunwa lipu mpaka matofali yanaonekana. Meza ya zege. Rafu za mbao nene zilizoshikwa na mabomba ya maji. Makabati hayana milango. Taa zimening'inia kwa minyororo, zimevaa kofia za chuma. Nikamuuliza kama fundi wa nyumba hiyo alitoroka kabla ya kumaliza. Akacheka, akasema hapo ndipo imekwisha, bibi, na wenye nyumba wanalala pazuri kabisa.

Akampa babu simu. Mzee Nati aliishika mbali kidogo, akaitazama kwa makini, akasema, "Hii nzuri sana. Hii nimeipenda." Kioo kilikuwa kimeshazima. Alikuwa analisifu giza. Mjukuu akadhani ni utani wake wa kawaida, akamkumbatia.

Nilijaribu kupinga. Nilisema jiko letu limetuzoea. Nilisema moshi wa miaka mingi ndio rangi yangu niipendayo. Ningesema nini kingine? Sababu ya kweli haikuwa yangu kuitoa. Mjukuu alinipapasa bega kama anavyopapaswa mkaidi mwenye umri mkubwa, akaanza kuchuna lipu.

Siku kumi alichuna, alikata, alichomelea. Nami niwe mkweli, lilipokwisha lilikuwa zuri. Matofali yalipakwa mafuta yakawa na wekundu wa kuiva. Meza ya zege ilikuwa laini kama shavu. Mabomba hakuyaficha, aliyapanga yakapanda ukutani na kukata kona kama yanajua yanakokwenda. Na juu ya rafu, kwa mstari mmoja, makopo kumi na mawili ya chuma cheupe, yote urefu mmoja, yote kifuniko kimoja, kama wanafunzi mstarini. Kopo langu lililobonyea alilitupa. Bakuli la chumvi pia. Kamba ya birika aliikata kwa sababu, alisema, ilikuwa chafu.

Nilipanga kuamka mapema kesho yake, nijifanye mimi ndiye niliyepotea jikoni, nimwombe Mzee tutafute vitu pamoja mpaka mikono yake izoee. Ilikuwa hila nzuri. Lakini yeye alikuwa na hamu ya jiko lake la kiwanda, akaamka kabla yangu. Nilistuliwa na kling'i kling'i.

Alinikuta nimekaa kitandani. Akanipa kikombe changu, akakaa na chake, akangoja. Huwa hanywi mpaka mimi ninywe kwanza. Nikanywa.

Ilikuwa chumvi. Si chumvi ya kudokolewa kidogo, ni vijiko vitatu vilivyojaa. Ulimi ulijikunja. Nikameza, nikasema tamu, nikanywa tena, nikanywa mpaka nikamaliza, maana niliona nikibakiza ataonja.

Akaonja chake.

Hakutema. Akanyoosha mkono, akachukua kikombe changu, akaingiza kidole ndani. Kikavu.

"Mtu hanywi chumvi kikombe kizima bila sababu," alisema. "Tangu lini unajua?"

"Tangu ulipolikaribisha koti langu."

Nilidhani atacheka. Midomo ilianza kusogea, ikaacha.

"Na sukari ilikuwa palepale miaka yote hiyo," alisema taratibu. "Nikajiona hodari."

Akaenda jikoni, nikasikia akiliweka birika chini, polepole, kama mfanyakazi anayerudisha kifaa stoo siku yake ya mwisho.

Kesho yake chai nilipika mimi. Na kesho kutwa. Alinishukuru kila mara, kwa adabu, kama mgonjwa anavyomshukuru muuguzi. Alikaa barazani akielekeza uso mahali pasipo na kitu. Nikimwambia "Kitendawili," hakuitikia. Ndoa yetu nzima hajawahi kukataa kitendawili. Hata siku tuliyogombana juu ya mama yake aliitikia "Tega," ingawa kwa hasira.

Mjukuu akadhani babu amelichukia jiko. Siku ya tatu alinibana karibu na sinki, nikashindwa, nikamwambia yote, macho, kadi, koti, kopo lililobonyea. Alikaa chini kwenye kigoda chake cha chuma, akalia kwa kwikwi. Alisema amemjengea babu yake kitu cha kutazama. Kisha akafuta uso kwa kanga yangu, akachukua spana, akapanda juu ya meza kuing'oa rafu.

Spana iliteleza kwenye nati. Ikateleza tena.

"Hiyo si saizi yake," sauti ikatoka barazani. "Utailia pembe. Chukua kumi na saba."

Tukatazamana. Alikuja mwenyewe, kiganja kikifuata matofali, tofali baada ya tofali, mpaka mlangoni. Akamuuliza mjukuu nani kamruhusu kuvunja. Mjukuu akashusha spana. Mzee akasogea, akakuta bomba linaloshika rafu, akalipapasa toka chini mpaka kwenye kiungo, akapitisha kucha juu ya mshono wa kuchomelea. Aliurudia mara mbili.

"Nani kachomelea hapa?"

"Mimi, babu."

"Mkono haukutikisika kwenye mshono huu," alisema, na kwa Mzee Nati hiyo ni hotuba.

Nikaona nafasi. Moyo ulikuwa unanidunda kama wa msichana, lakini nikasema, "Kitendawili."

Maji yalidondoka tone moja kwenye sinki.

"Tega," alisema.

"Shimoni, chini ya mashine, giza tupu. Makopo yote sawa, yote yana grisi mpaka mkononi. Na fundi hakosei hata moja."

Jibu alikuwa nalo. Alinipa yeye mwenyewe, mwaka tuliooana, nilipokuwa nafua ovaroli lake nikakuta mfukoni kijichuma kilichochongoka. Aliinamisha kichwa kwa muda.

"Nimeshindwa," alisema. "Chukua mji wowote unaoutaka."

"Mji sitaki. Nataka chai yangu."

Hapo alicheka. Kidogo, puani, lakini alicheka. Akamwambia mjukuu aache kulia juu ya meza ya watu, akalete lile sanduku la vifaa chini ya kitanda.

Kile kijichuma mafundi hukiita panchi. Unakisimamisha juu ya bati, unakigonga kwa nyundo, kinaacha nukta. Shimoni, alimweleza mjukuu, taa ilikuwa inakatika kila mara, kwa hiyo hawakuyaamini macho. Macho yalikuwa ya watu wa ofisini. Kila kopo lilikuwa na nukta zake, na kila fundi alikuwa na alama yake kwenye vifaa vyake. Yake ilikuwa nukta nne za mraba, kama nati ya kizamani.

Walikaa sakafuni, wawili hao, vifuniko kumi na viwili vikiwa katikati yao. Mjukuu alishika, yeye akagonga. Cha kwanza alikigonga juu, akapapasa, akatikisa kichwa. Shimo dogo halisemi na kidole. "Geuza," alisema. "Piga kutoka ndani, alama itokee nje." Nukta ikainuka kama kipele. Moja ikawa chumvi. Mbili sukari. Tatu majani ya chai. Nyundo ilipoikosa panchi na kukipata kidole gumba, alisema neno la kiwandani ambalo sitaliandika, na mjukuu akasema loo, babu, mbele ya wake zako wote.

Kisha wakazunguka jiko zima. Alikuta bomba la maji moto liko wazi karibu na meza, akamuuliza mjukuu, fundi mkubwa, kama anataka kumchoma mtu. Kiwandani bomba la moto halikai uchi. Wakalizungushia kamba, mzunguko kwa mzunguko, na zikabaki futi mbili, nazo zikaenda kwenye mkono wa birika. Kwenye jiko la gesi mjukuu alichonga kwa tupa mkato mdogo, pale swichi inapokuwa imezimwa. Mzee alifumba macho, sijui kwa nini alifumba, akaizungusha mpaka akaukuta.

"Sasa hiki ni kiwanda," alisema.

Mjukuu akaniambia baadaye, tukiosha vyombo, kwamba amejengea watu majiko kumi na manne na hakuna hata moja alilolijaribu akiwa amefumba macho kabla ya kukabidhi. Nilimpa sufuria asugue.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa macho tangu mapema. Nilisikia mlango. Nilisikia kiganja juu ya matofali. Kifuniko kimoja kikainuliwa, kikarudishwa. Kingine kikainuliwa. Palikuwa na ukimya mrefu, nikaishika shuka kwa mikono miwili, nisiende. Nisiende. Maji yakachemka.

Kling'i kling'i.

Alikuja nacho, hatua kwa hatua, hakumwaga hata tone. Nilipokipokea kikombe, kidole changu kiligusa kitu karibu na mkono wa kikombe ambacho jana hakikuwepo. Nukta nne, za mraba. Nikamuuliza ni nani aliyeniharibia kikombe.

"Fundi hutia alama kwenye kifaa asichotaka kiazimwe," alisema, akakaa na chake, akangoja.

Nikanywa. Nadhani alitaka kufidia zile siku tatu. Ilikuwa tamu mpaka meno yakaniuma.

"Mzee," nikamwambia, "sukari imezidi."

Uso wake ukafunguka wote.

"Imezidi?" alisema. "Basi kesho nitapunguza."