Mashine Iliponyamaza

"Hivi shoga, huyo mkamwana wako analipwa kwa kulala?"

Aliniuliza jirani wa mlango wa pili siku aliyokuja kuazima ngazi, akamwona mke wa mwanangu kitandani mchana kweupe, kompyuta iko juu ya mto. Nikamwambia, "Daktari kamwamuru alale. Mimba ya miezi saba, imetishia kutoka. Na hiyo unayoiona ndiyo kazi yake."

"Kazi ya kupapasa vitufe! Haya, Mungu ampe nguvu za vidole." Akaondoka na ngazi.

Sikukasirika. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, na zamani nisingejua. Lakini tangu baba watoto alipofariki nikahamia kwa mwanangu na mkewe, mkamwana wangu hajaniambia hata siku moja, "Mama, hutaelewa." Kwa hilo peke yake namshukuru Mungu kila ninapopiga magoti.

Alinieleza hivi. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, ndiyo mtendaji wa kazi zote. Humo mna vihesabio vinavyohesabu hatua zake, ili fundi ajue inachelewa wapi. Ila vihesabio havisemi vyenyewe, lazima iandikwe draiva, yaani programu ya kuvisoma na kuupa mfumo habari. Yeye ndiye aliyekuwa akiiandika, kwa prosesa mpya yenye viini vinane: vinne vikubwa vya kazi nzito, vinne vidogo vya kazi nyepesi.

Tatizo, hesabu ilikuwa kigeugeu. Kazi ile ile ya hatua bilioni tisini, mara inasoma tisini, mara saba. Mkuu wake wa kazi akapiga simu, nami nilisikia maana ilikuwa kwenye spika. "Dada, hizo ni porojo, si hesabu. Ijumaa nakuja kuchukua mashine. Sehemu yako tunaitoa kwenye mfumo."

Simu ilipokatika alitazama ukuta. "Miaka miwili, mama. Miaka miwili yote."

Mashine yenyewe ya majaribio, yenye prosesa hiyo mpya, ilikuwa sebuleni. Haikuruhusiwa kuunganishwa na mtandao, na chumbani haikuingia kwa sababu ya kelele zake, daktari alitaka utulivu. Nikamwambia, "Macho ninayo, na namba nazijua. Niambie nibonyeze wapi."

Siku tatu nikawa hivyo. Nikimaliza sala ya alfajiri na kufagia, naketi mbele ya mashine, nabonyeza, nasubiri, naandika kwenye daftari. Jumatano jioni nikampelekea. Akapitisha kidole kwenye ukurasa, kikasimama.

"Mama, hizi V na K za pembeni ni nini?"

"Ah, hizo zangu tu. V inavuma, K iko kimya. Feni ile mara inanguruma kama inataka kuruka, mara inanyamaza kama mtoto aliyeiba sukari."

"Na nani alikwambia uandike?"

"Hakuna. Lakini mtu aliyekaa kusubiri atafanya nini, mwanangu, kama si kuangalia?"

Kila penye V, tisini. Kila penye K, saba.

Akashika kichwa. "Vile vidogo! Kazi ikiangukia kwenye viini vidogo mashine haipati joto, feni inanyamaza. Na vidogo nimeviuliza kwa namba za vikubwa!" Kumbe kila kitu cha kuhesabiwa kina namba yake ya kukiombea, na viini vidogo vina orodha yao. Yeye alivipa vyote orodha moja, vidogo vikahesabu kitu kingine kabisa.

"Basi havikudanganya," nikasema. "Vilijibu vilichoulizwa."

"Mwongo ni mimi, mama!" Akacheka mpaka nikamkanya kwa ajili ya tumbo.

Alhamisi akairekebisha draiva kitandani, nami nikaiingiza kwenye mashine kwa flashi. Ijumaa mkuu akaja na boksi tupu. Hakutaka hata kuketi.

"Shikamoo, mama. Nimefuata mashine."

"Marahaba, baba. Ijaribu kwanza."

"Nina haraka, mama."

"Nami nimekwisha kuiwasha."

Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Siku hizi majaribio yanafanywa na akina mama wa nyumbani?"

Nikabonyeza. Ikavuma: tisini. Nikabonyeza ile ya viini vidogo peke yake. Kimya, hata saa ya ukutani ikasikika. Tisini.

Akanisogeza taratibu, akakaa kwenye kiti changu, akajaribu mwenyewe mara sita.

"Nani aliyeligundua hili?" aliuliza kuelekea chumbani.

"Soma maelezo ya marekebisho, mkuu!"

Akafungua maelezo, nami nikasoma begani kwake, polepole, kama nilivyofundishwa shule: *Kosa limeripotiwa na mama mkwe wangu, aliyeona ambacho mimi sikukiona.*

Nimezaa, nimelea, nimezika. Lakini hakuna aliyewahi kuandika neno langu mahali popote na kukiri kuwa ni la kweli. Nikamshukuru Mungu kimya kimya.

Mkuu akainuka, akaitazama mashine, akanitazama mimi. Kisha akalichukua boksi lake likiwa tupu vile vile, akatoka, mashine akaiacha pale pale.