Asante ya Mizinga Thelathini na Miwili

Ndoo ya asali ilifika kwa Apolinaria siku mbili kabla ya Noeli, saa nne asubuhi, imefungwa utepe mwekundu shingoni kama vile inakwenda kuolewa. Aliyeibeba ni katekista Erasmus, mtu mwembamba mwenye upole unaokera. Aliitua barazani, akapangusa mfuniko kwa kiganja.

"Zawadi ya Noeli kutoka kwa shemeji yako," alisema. "Mzee Ambrosi anakukumbuka kila mwaka. Wajane wangapi hapa Ipole wanakumbukwa hivyo?"

Apolinaria alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Ndoo ile ilikuwa ya tatu, moja kwa kila Noeli tangu mumewe Damas afariki, na kila mwaka ilimchefua vilevile. Asali ile ilitoka kwenye mizinga ya Damas mwenyewe, mizinga thelathini na miwili ambayo marehemu aliichonga kwa mikono yake akaitundika porini, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka kijijini. Matanga yalipokwisha, Ambrosi, kaka mkubwa wa marehemu, alibeba kamba na mwenge wa moshi akaenda kurina. Hakuna aliyempa ruhusa, na hakuna aliyemzuia. Tangu siku hiyo alikuwa anarina misimu yote na kuuza Tabora mjini, kisha Desemba ikifika anampelekea mwenye mali ndoo moja yenye utepe, na kanisa zima linamsifu kwa moyo wake. Yaani mtu akuchukulie ng'ombe, halafu akuletee kikombe cha maziwa na kusimama mlangoni akisubiri asante!

"Mwambie imefika," alisema Apolinaria.

"Nimpelekee asante yako?"

"Mpelekee kwamba imefika."

Erasmus alikohoa. "Basi mwaka huu utamwambia mwenyewe. Kamati ya kigango imepanga kwamba siku ya Noeli, baada ya komunyo, waliosaidiwa watasimama na kuwashukuru waliowasaidia, kwa majina, mbele ya Padre. Wewe ni wa kwanza."

"Hayo mawazo aliyaleta nani?"

"Mwenyekiti."

"Ambrosi."

"Si ndiye mwenyekiti?" Erasmus alitabasamu, akaaga, akaondoka.

Apolinaria aliyaacha maharage. Mtego aliuona wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kule kwao asante ya hadharani si maneno ya adabu tu, ni ushahidi. Ukisimama mbele ya watu ukamshukuru mtu kwa zawadi, umekiri kwamba kitu kilikuwa chake akakupa wewe. Siku yoyote ambayo angeinua mdomo kudai mizinga, wazee wa ukoo wangemuuliza: si wewe uliyesimama kanisani ukashukuru kwa asali ya Ambrosi? Na akikaa kimya kwenye benchi, ataitwa mjane asiye na shukrani, na mtu wa namna hiyo hasikilizwi na yeyote. Mizinga ile ndiyo tofauti kati yake na kuendelea kulima tumbaku ya watu kwa kibarua mpaka mgongo ukatike.

"Mama, sema asante yaishe," alisema Julieth, binti yake, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuchoshwa na ugomvi wa ukoo. "Ni neno moja tu."

"Kwani nimesema sitasema?" Apolinaria alimkazia macho. "Nitasema. Watachoka wenyewe."

Siku ya Noeli mvua ilinyesha tangu alfajiri, na kanisa lilijaa watu wenye matope miguuni. Ambrosi alikaa benchi la mbele kwa koti la kijivu, mikono juu ya magoti, anangojea kushukuriwa. Apolinaria alimtazama kisogo misa nzima. Alisali, ndiyo, lakini asije mtu akadhani alikuwa anasali kwa ajili ya amani.

Baada ya komunyo Erasmus alimwita. Akasimama, akanyoosha kitenge chake, akaenda mbele.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina!"

"Padre univumilie, asante yangu ni ndefu kidogo." Sauti yake ilikuwa imetulia kuliko alivyotegemea. "Mume wangu Damas alipofariki aliacha mizinga thelathini na miwili porini. Ninyi mnajua mizinga isiyoangaliwa inavyokwisha. Nyegere anabomoa, siafu wanaingia, moto unapita. Mimi ningefanya nini? Basi shemeji yangu Ambrosi, bila kuombwa, bila ujira, akanitunzia mali ile miaka mitatu mizima."

Watu walipiga makofi. Kisogo cha Ambrosi hakikutikisika.

"Na kila Noeli akanipelekea ndoo moja, nionje, nijue mali yangu ingali hai. Nani mwingine angefanya hivyo?"

"Wabeja, baba!" alipaza sauti mzee mmoja nyuma, akimshukuru Ambrosi kwa Kinyamwezi.

"Sasa binti yangu amemaliza shule, na mimi msiba umenitoka mwilini. Hatuwezi kuendelea kumchosha mzee wa watu. Shemeji, nakushukuru kwa kututunzia. Tarehe ishirini na saba tutakuja mimi na Julieth utukabidhi. Mungu akulipe, maana mimi sina cha kukulipa."

Vigelegele vilipigwa mpaka bati likaitika. Padre, aliyekuja asubuhi ile kutoka parokiani na asiyejua lolote la ukoo ule, aliinuka kwenye kiti chake, akamfuata Ambrosi hadi kwenye benchi na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Huyu ndiye ndugu!" alisema. "Kutunza mali ya mjane miaka mitatu bila kuila!" Ambrosi alilazimika kucheka. Meno yalionekana, macho hayakucheka. Aliyepanga kushukuriwa alikuwa amesahau kwamba anayeshukuru ndiye anayechagua la kushukuria.

Apolinaria alirudi kwenye nafasi yake akiwa na furaha mbaya, furaha tamu sana, na hakuionea aibu hata kidogo.

Nje, chini ya ukingo wa bati, Ambrosi alimfuata.

"Umenitukana kanisani. Siku ya Noeli!"

"Shikamoo, shemeji. Nimekushukuru."

"Mizinga ile ni ya ukoo."

"Kamwambie Padre. Bado yuko ndani, anavua kanzu."

Ambrosi alitazama mlango wa kanisa, akatazama watu waliokuwa wanapita na kumpungia mkono wa heshima, akatema mate kwenye matope. "Ishirini na saba, saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa sitakusubiri."

Hawakuchelewa. Walimkuta amekwisha kusimama kwenye njia, ile njia pana ya zamani iliyokuwa ya wapagazi na ambayo sasa imebaki ya baiskeli za mkaa, na hakuitikia salamu ya Julieth. Alitangulia. Kwa saa tatu hakugeuka nyuma, hata pale Apolinaria alipoteleza kwenye korongo akaangukia mkono. Mbung'o waliwauma shingoni.

Walipofika, Ambrosi alianza kunyoosha fimbo juu ya miti. "Wa kwanza. Wa pili. Ule pale wa tatu."

Apolinaria alikuwa amekuja kutafuta kasoro. Alitamani akute mizinga imeoza, imepasuka, imetobolewa, ili chuki yake ikamilike na asiwe na deni la aina yoyote kwa mtu yule. Akakuta mifuniko mipya. Akakuta mizinga iliyokuwa chini imepandishwa juu zaidi, mahali nyegere hafiki. Kila mzinga ulikuwa na chale mbili za mshazari na tundu dogo katikati, alama ya Damas, kwa kuwa pori lile lina mizinga ya watu wengi na kila mrina asali huchonga yake pasiwe na ugomvi. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka. Ilimuudhi.

"Wa thelathini na mbili," alisema Ambrosi chini ya mninga mmoja.

"Sawa. Tumeona."

Lakini Ambrosi hakusimama. Alipita vichaka, akanyoosha fimbo tena. "Wa thelathini na tatu."

Mti uliochongewa mzinga huo ulikuwa bado mweupe, haujapigwa na jua la miaka. Chale mbili za mshazari, tundu katikati. Mbele kidogo ulikuwapo mwingine, na mwingine, mpaka thelathini na minane.

"Hii Damas hakuwa nayo," alisema Apolinaria.

"Hakuwa nayo."

"Nani aliichonga?"

"Unadhani mzinga unajichonga?"

"Na alama je? Kwa nini umeweka yake?"

Ambrosi alijipiga kofi shingoni, akaua mbung'o, akafuta damu kwenye suruali. "Aliniagiza hospitali, siku ulipotoka kumtafutia uji. Alitaka ifike arobaini kabla mtoto wake hajaolewa." Alisema huku anatazama juu, si kwao. "Asali ya ile thelathini na miwili nimekula. Nimekula kweli, sikatai, na ningeendelea kula. Hii sita sijaigusa hata kidole. Nilitaka kuikabidhi mwenyewe ikitimia, kwa mdomo wangu, mtu mzima. Wewe ukanikamata shati mbele ya Padre."

"Ungesema mapema."

"Na wewe ungeuliza. Miaka mitatu unapokea ndoo kama unapokea mzoga." Aliichomeka fimbo ardhini. "Chukua yote. Ila usinishukuru tena, Apolinaria. Ile ya juzi inanitosha mpaka naingia kaburini."

Akageuka, akaanza kurudi alikotoka, mabega yameshuka.

Julieth alimshika mama yake kiwiko. "Mama, mwambie."

Apolinaria alijua la kumwambia. Lilikuwa pale pale mdomoni, safari hii bila hila na bila watu wa kupiga makofi. Akilini alimwona Ambrosi akipanda mti na mzinga mpya, mtu mzima wa miaka sitini, kwa ajili ya ndugu yake. Alimwona pia akihesabiwa haki kanisani kwa utepe mwekundu, miaka mitatu, wakati yeye analima tumbaku ya watu. Yote mawili yalikuwa kweli, na lile la pili lilikuwa na nguvu zaidi.

"Bado miwili!" alimpigia kelele. "Ulisema arobaini!"

Ambrosi alisimama. Apolinaria aliona mgongo wake ukikaza, akangoja ageuke amtukane, na alitamani sana amtukane. Hakugeuka. Alishika njia yake kati ya miti, na baada ya muda hata mchakacho wa miguu yake haukusikika tena.

Julieth aliuachia mkono wa mama yake. Alikwenda kukaa juu ya gogo, mbali naye, akampa mgongo.